Polisi mkoani Mara: ugharimiaji wa vifaa na mafunzo

Fedha za Serikali kwa ajili ya Jeshi la Polisi Tanzania hupitia Fungu 28, moja kati ya mafungu ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ambayo Bunge huyaidhinisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai mosi. Ndani yake kuna mishahara, kuna matumizi mengineyo, ambayo watumishi wa umma huyaita OC, na kuna fedha za maendeleo. Mitambo mikubwa na majengo huhesabiwa katika maendeleo. Mafuta ya gari, umeme, intaneti, matengenezo na sehemu kubwa ya gharama za kumpeleka askari kozini huangukia OC. Mgawanyo huu unaonekana kuwa suala la wahasibu tu, lakini ndio unaoamua kama mwananchi aliyechukua RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, kituoni ataiona kesi yake ikifika mahakamani. Ukiitazama sera hii ya fedha kutoka Nyasho, kata ya Manispaa ya Musoma, badala ya kuitazama kutoka Dodoma, jambo moja hujitokeza: Serikali haijawahi kushindwa kusaini mikataba mikubwa ya vifaa. Inachoshindwa ni kulipia shughuli ndogo za kila siku zinazovifanya vifaa hivyo viwe na maana.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mkataba wa mashine za alama za vidole. Mwaka 2011 Jeshi la Polisi liliingia mkataba wa shilingi bilioni 37 na kampuni ya Lugumi Enterprises ili kufunga mfumo wa utambuzi katika vituo 108. Aprili 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliudai mkataba huo baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba takriban bilioni 34 zilikwisha kulipwa, ilhali vituo vilivyofungiwa mashine vilikuwa 14 tu. Mwaka 2018 suala hilo lilikuwa bado halijaisha. Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, mbunge wa Mwibara wilayani Bunda, alimwita mkandarasi na kumtaka akamilishe kazi. Waziri huyohuyo aliondolewa Januari 2020, Rais Magufuli alipokosoa hadharani makubaliano ya vifaa vya Zimamoto yenye thamani ya zaidi ya euro milioni 400 ambayo hayakuwa yamepitishwa na Bunge. Mjadala wa umma katika mambo yote mawili ulijikita katika nani amekula. Ni swali halali, lakini lilifunika jingine: hata kama mashine zote 108 zingefungwa siku ya kwanza, nani angezitumia, kwa umeme upi, kwa mtandao upi, na akiwa amefundishwa nini?

Swali hilo si la pembeni, kwa sababu mashine haikusanyi ushahidi. Alama ya vidole iliyoachwa dirishani hufika maabara ikiwa tu askari wa kwanza kufika amezuia watu wasiingie, amejua namna ya kuinyanyua, ameifunga, ameiandika na kuikabidhi kwa saini. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kuwepo kwa maandishi yanayoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikahifadhiwa wapi na kikapita mikononi mwa nani hadi kufikishwa kortini. Tangu hapo mawakili wa utetezi wameutumia uamuzi huo mara nyingi. Daftari, bahasha, kalamu na kozi fupi ya kila mwaka ni nafuu kuliko mfumo wowote wa kompyuta, na pasipo hivyo mfumo hauna cha kuchambua. Shule ya Polisi Moshi humwandaa askari mpya. Anachokosa ni kozi za kumrudia akiwa tayari kazini, na hizo ndizo OC ikipungua hukatwa kwanza.

Mkoa wa Mara wenyewe una mfano wa kinyume. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, huwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji katika nyumba salama za Serengeti na Butiama. Kupitia mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, watu wa kujitolea walichora ramani za vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote ya kidijitali, na wanavijiji waliofundishwa kutumia simu huripoti hatari ili dawati la jinsia na watoto la polisi lijue pa kwenda. Teknolojia hiyo ni simu na ramani ya bure. Imefanya kazi kwa sababu fedha zake zilimfuata mtu anayefundishwa. Lakini pia haikutoka Fungu 28, na hapo pana tatizo, maana mpango unaotegemea hisani ya watu wa mbali huisha hisani hiyo ikiisha.

Wapo wanaosema chanzo cha fedha hakijalishi, mradi kazi ifanyike. Wananchi wamechangia ujenzi wa vituo vya polisi nchi nzima, kwa nini kampuni zisichangie? Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, unajibu hoja hiyo vibaya. Kwa makubaliano ya maandishi, mgodi umekuwa ukisaidia kugharimia polisi wanaolinda eneo lake, na umegharimia pia mafunzo yao ya haki za binadamu. Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua 5 waliovamia mgodi huo. Madai yaliyofunguliwa London mwaka 2013 dhidi ya kampuni mama yalimalizwa kwa maridhiano mwaka 2015. Wamiliki husisitiza kwamba hawawaamuru askari, na huenda kisheria ni kweli. Lakini askari ambaye gari lake hujazwa mafuta na mgodi, na ambaye akienda kijijini hana mafuta, atakuwa mgodini. Hakuna haja ya amri. Mchango wa mwananchi wa tofali kwa kituo cha kata hauna uzito huo, kwa kuwa hauji na lindo maalumu, ingawa nao una kasoro yake: kata yenye wachangiaji wengi hupata kituo kabla ya kata yenye uhalifu mwingi.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande mwingine: kwamba polisi wenye vifaa zaidi ni polisi wa kuogopwa zaidi. Kenya ilitoa takriban shilingi bilioni 15 za nchi hiyo kwa mfumo wa Safaricom wa mwaka 2014 wenye kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Uganda iliilipa Huawei dola milioni 126 kwa kamera zake, na wapinzani wa kisiasa walilalamika kuwa zinawafuatilia wao. Hofu hiyo ina msingi, na Tanzania haina kinga ya asili dhidi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni mwanzo, lakini inaacha misamaha mipana kwa masuala ya usalama na uchunguzi wa jinai. Hata hivyo hofu hii haipingi hoja ya makala hii, inaiunga mkono. Kinachotisha ni mtambo wa kufuatilia watu ulionunuliwa kwa mkupuo, ambao maelezo yake yanajulikana makao makuu tu. Fedha za kufundisha ulinzi wa vielelezo, uandishi wa maelezo ya shahidi na mipaka ya upekuzi humfunga askari kwa taratibu ambazo wakili na hakimu wanaweza kuzikagua. Zingewekwa katika kasma yake ndani ya Fungu 28, isiyohamishwa kwenda kununua mafuta ya misafara, mbunge wa Musoma Mjini angeweza kuuliza bungeni ni askari wangapi wa kituo kinachohudumia Nyasho walipata mafunzo hayo mwaka uliopita, na waziri angelazimika kujibu kwa idadi.