Nipe Nambari

Ukipoteza kitambulisho hapa Kenya, unaenda kituo cha polisi, unasimama mbele ya kaunta, na askari anafungua kitabu kikubwa. Anaandika maelezo yako polepole, kisha anakutajia nambari. Tuseme 42/17/6/2019: ripoti ya 42 siku hiyo, tarehe 17, mwezi wa sita. Hiyo ndiyo OB. Kitambulisho bado kimepotea, na huenda kisipatikane kamwe, lakini kokote utakakoenda baadaye swali litakuwa moja tu: una OB? Ukiwa nayo, kisa chako kipo. Usipokuwa nayo, wewe ni mtu anayepiga hadithi.

Nililifikiria jambo hili sana mwaka ambao mama yangu alistaafu ualimu. Jina letu la ukoo lina ng', ile sauti ya ng'ombe na ya kung'oa, inayoandikwa kwa kibainishi juu. Katika ofisi moja iliyohusika na malipo yake, kompyuta ilikuwa imelikata jina palepale kwenye kibainishi. Mwalimu aliyesomesha watoto kwa miaka 34 akabaki anaitwa "Ng". Kitambulisho kinasema hivi, mfumo unasema vile, na pesa haziwezi kumlipa mtu ambaye hayupo.

Alienda mara sita. Mara zote aliambiwa kwa heshima, "Tumeona shida, mama. Tutashughulikia. Rudi wiki ijayo." Kila aliporudi alimkuta kijana mwingine kwenye dawati, akaanza kueleza upya. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyedai kitu kidogo. Ila hakuna aliyempa nambari.

Mimi hupata riziki kwa kuandika programu, kwa hivyo nilijua tatizo lenyewe ni dogo. Katika lugha inayotumiwa kuuliza maswali kwenye hifadhi za data, alama ile ya kibainishi ndiyo inayoonyesha maandishi yanaanzia wapi na kuishia wapi. Mwandishi wa programu asipochukua tahadhari, mashine ikikutana nayo katikati ya jina hudhani jina limekwisha. Kina Ng'ang'a, Wang'ombe, Ng'eno na Nyong'o wanaijua hadithi hii. Kurekebisha kosa hili ni kazi ya mchana mmoja. Lililonisumbua ni ile safari ya mara sita. Mbona katika kazi yangu malalamiko ya mtu nisiyemjua, aliye bara jingine, hayapotei kirahisi namna hiyo? Nikaanza kusoma historia ya nambari.

Wengi huanzia kwa nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika saa, 15:45, na kibwagizo kwamba sasa mdudu halisi amepatikana. Walikuwa wanatania, maana mafundi walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu zamani. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua mwaka 1878. Mimi nililotazama ni kwamba ukurasa ule una saa lakini ripoti yenyewe haina nambari. Haikuihitaji. Waliolisoma daftari walikuwa watu wa chumba kimoja, na mtu angeweza kusema "yule nondo wa juzi" akaeleweka.

Taabu inaanza pale watu wasipokuwa chumba kimoja. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo wa kompyuta ulioundwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wengi wao wakifahamiana kwa barua pepe tu. Huyu anatunza programu ya kuchapisha, yule anatunza ya kuchora, na mtumiaji hajui yupi ni yupi. Ukimwandikia mtu akiwa safarini, au amechoka, au ameoa na kuacha mambo ya kompyuta, malalamiko yako yamekwenda naye.

Mwaka 1994 Ian Jackson akawaandikia mfumo wa kutunza ripoti za hitilafu, ambao unatumika hadi leo. Ni rahisi ajabu. Unatuma barua pepe kwenye anwani moja ambayo ni ya wote. Mashine yenyewe inaipa barua nambari inayofuata, inakurudishia jibu lenye nambari hiyo, kisha inampelekea nakala mtunzaji anayehusika. Tazama mpangilio huo. Nambari inatolewa kabla binadamu yeyote hajaamua kama una haki au huna. Haihitaji mtu aamke vizuri, akupende, au akujue. Kuanzia hapo kila neno litakalosemwa juu ya hitilafu hiyo linaandikwa chini ya nambari ile, hata mtunzaji akibadilika mara tano.

Kufunga nako kuna utaratibu wake. Aliyerekebisha anaandika kwa anwani yenye nambari hiyo pamoja na neno "done", yaani imekwisha, na maelezo yake yanamfikia moja kwa moja yule aliyelalamika. Siku hizi inatosha mtunzaji kutaja nambari kwenye orodha ya mabadiliko ya toleo jipya, nayo ripoti inafungwa toleo likipokewa. Hukuridhika? Unaweza kuifungua tena. Ripoti ikikaa imefungwa siku 28 bila neno, inahamishiwa kwenye kumbukumbu, lakini nambari yake hapewi mwingine. OB zetu huanza upya kila kukicha, ndiyo maana bila tarehe nambari haina maana. Hesabu ya Debian hairudi nyuma. Mwaka 2021 ilifika ripoti ya 1,000,000.

Mwaka 1997 jumuiya hiyo iliandika mkataba wake na umma, na mojawapo ya ahadi ni kwamba haitaficha matatizo: hifadhi yote ya ripoti itakuwa wazi kwa kila mtu wakati wote. Hapo nilisimama kidogo. Hebu fikiria ofisi yoyote uijuayo iweke ukutani orodha ya malalamiko yote iliyowahi kupokea, yaliyotatuliwa na yasiyotatuliwa.

Sitaki kuwafanya malaika. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ilitoa msimbo wa kivinjari chake hadharani, na mradi wa Mozilla ukazaliwa. Terry Weissman akauandikia mfumo wa ripoti uitwao Bugzilla, ambao miradi mingine mingi iliuchukua. Bugzilla ilizipa ripoti hali pamoja na nambari, na ukizisoma hali hizo utadhani uko kwenye foleni ya huduma mjini. Kuna "si hitilafu". Kuna "hatutarekebisha". Kuna "kwangu inafanya kazi", ambayo kwa Kiswahili cha mtaani ni "shida ni yako". Na kuna "haijathibitishwa", chumba cha kungojea. Mgeni asiyejulikana akileta ripoti, huanzia hapo mpaka mtu mwenye idhini aseme ndiyo, nami pia nimeona. Nambari hutolewa kwa wote, lakini kusadikiwa kuna daraja zake.

Nilipitia hali mojawapo mwenyewe. Baada ya kisa cha mama nilikikuta kibainishi kikisumbua tena, safari hii katika programu huria niliyokuwa nikiitumia kazini. Nikaandika ripoti ndefu, yenye hasira kidogo, nikieleza ng' ni nini na ni watu wangapi wanaoibeba katika majina yao. Nambari nilipata dakika hiyo hiyo. Siku mbili baadaye ripoti ikafungwa: "ni nakala ya nyingine". Nilichomeka. Kumbe hata huku ni yale yale!

Kisha nikaifuata hiyo nyingine. Ilikuwa imeandikwa miaka minne kabla na mtu mwenye jina la Kiairishi, la aina ya O'Brien. Kibainishi kile kile, kukatwa kule kule. Chini yake walikuwa wamejipanga Mfaransa mwenye D' na wengine wawili, na sasa mimi na ng' yangu. Kuitwa nakala hakukunifuta. Ripoti yangu ilibaki na nambari yake, ikielekeza kwa wenzangu, na yao ikielekeza kwangu. Mmoja mmoja tulikuwa watu wenye majina ya ajabu. Chini ya nambari moja tulikuwa hitilafu, na baada ya miezi mitatu ilirekebishwa.

Uzito wa nambari unaonekana zaidi siku mradi unapohama. Mwaka 2022 watu wa lugha ya Python walihamisha ripoti zao kutoka mfumo wao wa zamani kwenda GitHub, ambako ripoti zilipata nambari mpya. Lakini zile za zamani zilikwisha kuandikwa katika maelfu ya maelezo ya mabadiliko na ndani ya msimbo wenyewe. Ndiyo sababu wana viambishi viwili: bpo kwa nambari za zamani, gh kwa mpya. Mfumo wa zamani uliachwa wazi kwa kusomwa, kila ripoti ikiwa na njia ya kufikia makao yake mapya. Kwetu, ofisi ikinunua kompyuta mpya, huambiwa "hiyo ilikuwa kwenye mfumo wa zamani", na ndio mwisho wa mazungumzo.

Ripoti maarufu kuliko zote ina nambari ndogo kuliko zote. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwanzilishi wa Ubuntu, jina ambalo ni ndugu wa neno letu utu, aliandika hitilafu nambari 1: kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko. Ilikuwa nusu mzaha, nusu ilani. Aliifunga mwaka 2013, akieleza kwamba simu na vifaa vingine vimebadilisha hali, na akikiri kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa hasa na Ubuntu. Ilikaa miaka tisa, na bado palikuwa na mahali pa kurudi na kusema imekwishaje.

Nambari haiponyi. Debian ina ripoti zilizo wazi kwa zaidi ya miaka 10, na wapo walioziandika wakachoka kusubiri. Ila mtu akichoka, ripoti haiondoki naye. Atakayefuata hataanzia mwanzo.

Nilimweleza mama haya yote jikoni, akipepeta mchele. Hakusema kitu. Safari ya saba alikwenda na daftari la mazoezi la kurasa 48, aina aliyokuwa akisahihisha maisha yake yote. Akaketi mbele ya dawati, akachora mstari kwa rula, akaandika 1, tarehe, na shida yake kwa sentensi moja. Akamgeuzia kijana daftari.

"Kijana wangu, andika hapa ulivyonijibu, utie sahihi."

Yule kijana alisitasita, akatazama foleni nyuma yake, kisha akaandika. Mama anasema wazee wawili waliokuwa wakisubiri walimwomba awaoneshe alivyochora mistari.

Jana nililiona daftari mezani kwake. Limefika nambari 11. Malipo ya miezi mitatu yameingia. Jina bado ni "Ng". Pembeni mwa nambari 1 ameandika kwa kalamu nyekundu: haijafungwa.