Lukuga, mlango wa maji ya Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron aliukuta umezibwa na mchanga na majani. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi. Tangu hapo yanateremka Lualaba, yanapita Kongolo, yanakutana na Luama ya Kabambare, ndipo yanafika upande wa Kasongo.

Tarehe 12 Juni 2003, Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa. Mwaka 2024 ziwa lilijaa, familia za Uvira na Kalemie zikahama. Lakini mlango ukizibwa au ukipanuliwa, Lualaba nayo itaguswa. Wakaaji wake waulizwe pia.