Bendera ya Sultani na Ardhi ya Msambweni

Kuanzia 1895 hadi 1963, mkazi wa Msambweni, Gazi au Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, aliishi katika nchi ambayo kisheria haikuwa ya Mwingereza. Ukanda wa Maili Kumi, kutoka Mto Umba hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi mkesha wa uhuru. Lakini Sultani huyo hakuweza kutoza ushuru Vanga, kumwondoa liwali Mombasa, wala kumpa mtu kiwanja Gazi. Kati ya wote waliowahi kuitwa wakuu wa nchi hii, hakuna aliyefungwa mikono kama yeye. Leo Wakenya wengi huamini kwamba mkuu wa nchi akipunguziwa madaraka, raia amepona. Pwani ya kusini yatufundisha vingine: madaraka aliyonyang'anywa mkuu hayafutiki, hupokewa na mwingine, na raia hulindwa na kile tu kilichoandikwa kwamba huyo mpokeaji hatakigusa.

Kamba zilifungwa kidogo kidogo. Mei 1887 Sultani Barghash aliikabidhi kampuni ya Waingereza uendeshaji wa pwani hii: forodha, kodi, mahakama na ardhi, isipokuwa mashamba ya watu binafsi. Kampuni ilipoishiwa nguvu, fedha za kuzinunua haki zake zilitoka kwa sehemu kubwa Zanzibar kwenyewe, zile pauni 200,000 ambazo Wajerumani walikuwa wamelipa kwa ajili ya pwani ya Tanganyika. Kisha, tarehe 14 Disemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini alitia saini mkataba uliowapa Waingereza utawala wote wa ukanda huu, naye akabaki na enzi pamoja na pauni 17,000 kwa mwaka: kodi ya pauni 11,000, na 6,000 zikiwa riba ya asilimia 3 ya zile 200,000. Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Mwenye nyumba alitoa fedha zake kumtoa mpangaji wa kwanza, kisha nyumba akapewa mpangaji wa pili.

Hapo ndipo tofauti ya kilichotajwa na kisichotajwa ilipoonekana. Dini na sheria ya Kiislamu zilitajwa, na ahadi ya kuziheshimu ikatolewa hadharani Mombasa Julai 1895. Kwa hiyo kadhi alibaki, na hata bara ilipogeuzwa koloni mwaka 1920, ukanda uliendelea kuitwa himaya. Jina tupu la Sultani lilimzuia hata Mwingereza asifanye kila alichotaka. Lakini neno “shamba” la makabidhiano ya 1887 lilimfaa mwenye minazi na mipaka yake. Halikuufaa msitu wa ukoo, malisho, wala kaya kama ile ya Kinondo, ambako Wadigo walizika wazee wao na kuomba mvua. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi mwambaoni alete madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ukoo usiokuwa na karatasi ungedai nini, na kwa jina la nani?

Kuna atakayesema kwamba Sultani naye alikuwa mgeni, kwamba Wadigo hawakumwalika, na kwamba kufungwa kwake kulileta heri, kwa kuwa utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907. Hayo ni kweli, na simlilii Sultani. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na masultani miaka mingi kabla hajapigana na Waingereza, ambao walivunja ngome yake ya Mwele Agosti 1895. Lakini uovu wa mkuu wa kwanza haujibu swali la nani amerithi kalamu yake. Kalamu ya kugawa ardhi ilitoka kwa Sultani ikaenda kwa kampuni, ikaenda kwa gavana. Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipokubaliana kwamba ukanda uwe sehemu ya Kenya, kadhi alitajwa tena kwa maandishi. Kwa mwaka mmoja baada ya uhuru, mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, asiyetenda ila kwa ushauri wa mawaziri. Tarehe 12 Disemba 1964 nafasi yake ilichukuliwa na Rais mwenye madaraka kamili, na sheria ikampa uwezo wa kuitoa ardhi ya serikali kwa amtakaye.

Sultani Jamshid alipinduliwa Januari 1964, miezi mitatu tu baada ya makubaliano hayo, lakini ahadi ya kadhi haikufa naye, kwa sababu ilikuwa imeingia katika katiba ya Kenya. Katika Katiba ya 2010 imo katika kifungu cha 170. Katiba hiyohiyo iliweka ardhi ya umma mikononi mwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na katika kifungu cha 63 ikataja ardhi ya jamii, misitu yake na mahali pake pa ibada. Kadhi alitajwa mwaka 1895. Kaya ilisubiri miaka 115.