Kubuni chipu bila kuuza pikipiki
Nikiwa hapa Lanet, Nakuru, nilikaribia kuuza pikipiki yangu nilipie leseni ya programu ya kubuni chipu. Kumbe za bure zipo, na halali.

Ikiwa wataka bodi ya kuunganishia vipuri tu, KiCad yatosha. Mfaransa Jean-Pierre Charras aliianzisha mwaka 1992. Ikiwa ni chipu yenyewe, chora saketi kwa Xschem, ijaribu kwa ngspice, kisha panga tabaka zake kwa Magic au KLayout. Kanuni za kiwanda cha SkyWater cha Marekani, za nanomita 130, ziko wazi kwa wote tangu 2020.

Ndugu msomaji, pesa zako ziweke: kuchora ni bure, kutengenezewa chipu ndiko kunakolipiwa.