Mpingo wa angani na Tanzanite yake

Mapema Desemba, mnamo saa tatu usiku, nyota iitwayo Mpingo hupita karibu na utosi wa Malolo, kule Kilosa, juu ya mashamba ya vitunguu na mpunga yanayopata maji ya skimu ya Mwega. Mkulima aliyetoka kufungulia maji shambani usiku huo hataiona. Mwanga wake ni hafifu mno kwa macho matupu, na Desemba mawingu ya mvua nayo yana lao. Lakini mwenye darubini ndogo akiielekeza kwenye kundi la nyota la Nyangumi ataipata.

Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota moja na sayari yake ili wananchi wazipe majina. Tanzania ilipata nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba, WASP-71. Matokeo yalitangazwa Desemba 17: nyota ikawa Mpingo, sayari ikawa Tanzanite. Mpingo mtu wa upande wa Mikumi haelezwi. Tanzanite ni ya Mererani, na kwa maoni yangu waliochagua walibahatisha vizuri, maana mawe mengi ya tanzanite huchimbwa yakiwa na rangi ya hudhurungi na hupata ubuluu wake baada ya kupashwa moto. Sayari hii haijawahi kutoka kwenye moto.

Iligunduliwa na mradi wa WASP, wenye kamera zake Sutherland, Afrika Kusini, na La Palma katika visiwa vya Kanari. Vifaa vyenyewe havikuwa vya kutisha: kila kituo kilikuwa na kamera nane zenye lenzi za picha za kawaida, zikitazama maelfu ya nyota kwa pamoja na kusubiri mojawapo ipungue mwanga kidogo kwa vipindi visivyobadilika. WASP-71 ilikuwa ikifanya hivyo kila baada ya siku 2.9. Kitu kilikuwa kinapita mbele yake. Taarifa ya kitaalamu iliyoongozwa na Alexis Smith ilionyesha kuwa kitu hicho ni sayari ya gesi yenye uzito wa zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, iliyoikaribia nyota yake kiasi kwamba mwaka mzima unakwisha kabla ya siku tatu. Joto lake lilikadiriwa kuwa takriban nyuzi 1,800 za selisiasi. Kadirio hilo lilitokana na joto la nyota na umbali wa sayari kutoka kwake. Kulipima joto lenyewe ni kazi nyingine, na hapo ndipo kupatwa kunapoingia.

Sisi huku tunakujua kupatwa kwa Jua. Septemba 1, 2016 watu walifurika Rujewa, Mbarali, kulitazama Jua likibaki pete. Wanasayansi wana sababu ya zamani ya kulipenda tukio hili. Agosti 18, 1868, Jua lilipopatwa, njia ya kivuli ilipita Aden hadi India, na huko Guntur Mfaransa Jules Janssen alichunguza mwanga wa gesi za ukingoni mwa Jua. Katika mwanga huo kulikuwa na mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ilikuwa heli, na ilichukua hadi 1895 kuipata hapa duniani. Katika mwaka uleule wa pete ya Rujewa, watafiti walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heli nyingi ardhini.

Kwa sayari za mbali mambo hugeuzwa: nyota ndiyo inayoificha sayari. Sayari inapokuwa pembeni, darubini hupokea mwanga wa vyote viwili kwa pamoja. Inapozama nyuma ya nyota, unabaki wa nyota peke yake. Toa wa pili kwenye wa kwanza, na kinachobaki ni mwanga wa sayari yenyewe, upande wake wa mchana. Kwa macho yetu tofauti hiyo ni kama haipo. Katika mionzi ya joto, kwa sayari kubwa zilizoungua, inafika sehemu moja au mbili katika elfu, na hiyo inatosha. Machi 2005 timu mbili, moja ya Drake Deming na nyingine ya David Charbonneau, zilitangaza kuwa zimeipima kwa darubini ya anga za juu ya Spitzer. Sayari zilizohusika zilikuwa HD 209458 b na TrES-1, zote zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 750. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanga wa sayari za nje ya mfumo wetu kupokewa hivyo.

Darubini ya James Webb iliporushwa Desemba 25, 2021, kituo cha anga cha Malindi, Kenya, kilikuwa miongoni mwa vilivyopokea mawimbi yake ya mwanzo. Webb iliitazama WASP-18 b, jitu lenye uzito wa Mshtarii kumi na mwaka wa saa 23. Sayari ikizama nyuma ya nyota hufunikwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, kwa hiyo kasi ya mwanga kupungua inaonyesha joto liko wapi zaidi. Matokeo ya 2023 yalikuwa ramani: katikati ya upande wa mchana kunafika nyuzi 2,700, na kuelekea kingo joto linashuka kwa takriban nyuzi elfu moja. Ndani ya tanuri hilo kulionekana pia mvuke wa maji, mchache kwa kuwa joto kali huvunjavunja molekuli zake.

Mwaka huohuo ilifika zamu ya Enaiposha, sayari iliyopewa jina na Wakenya kwa neno la Kimaasai, inayoizunguka nyota yao Orkaria. Si jitu na haiungui vile: nyuzi 279 upande wa mchana, 165 usiku, chini ya ukungu mzito unaorudisha mwanga mwingi. Vipimo hivyo vilipatikana kwa kuifuata mzunguko wake wote, kupatwa kwake kukiwamo.