Wito wa Kengele: Sikukuu za Miji ya Ufilipino na Wana Wake wa Ughaibuni

Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, ambaye katika miaka ya mwisho ya enzi yake alikuwa pia mfalme wa Ureno, na kwa hiyo mmiliki wa ngome iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, hakupata maishani mwake kuviona visiwa vya bahari ya mashariki vilivyopewa jina lake. Walakini amri zilizotolewa kwa jina lake mwaka 1573, juu ya namna ya kujenga miji katika makoloni, ndizo zilizochora umbo la mji wa Kifilipino ambao hata leo mwana aliye mbali huuona moyoni anapotaja kwao: uwanja katikati, kanisa upande mmoja, nyumba ya serikali karibu nalo, na njia zilizonyooka zikikatana pande zote. Katika uwanja huo, kila mwaka, siku ya mtakatifu msimamizi wa mji, hufanyika sikukuu inayoitwa fiesta, na siku hiyo ndiyo aliyetoka hutarajiwa kurudi. Wengi hudhani kwamba desturi hii ya kurejea ni nyongeza ya zama za ndege na simu. Lakini mwenye kuifuata historia yake tangu mwanzo ataona kwamba fiesta ilikuzwa hasa kwa ajili ya kuwaita watu waliotawanyika, na kwamba katika miaka mia nne na zaidi kilichobadilika ni yule anayeita na yule anayelipa gharama.

Miguel López de Legazpi, kiongozi wa msafara wa Wahispania, alipotia nanga Cebu mwaka 1565, wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa wakiishi katika jumuiya ndogo ndogo zilizoitwa barangay, kila moja chini ya mkuu wake aliyeitwa datu, nazo zilitandaa kandokando ya mito na fukwe, jirani na mashamba ya mpunga na mahali pa kuvulia. Na huko Manila, ambako Wahispania waliweka makao yao makuu mwaka 1571, watawala walikuwa Waislamu, mmoja wao akiitwa Raja Sulayman. Watawa waliofuatana na askari, Waagustino kwanza, kisha Wafransisko, Wajesuiti na Wadominiko, waliona kwamba ni muhali kufundisha dini, na ni muhali vilevile kutoza kodi, kwa watu ambao leo wako mtoni na kesho wako mlimani. Wakaazimu kuwahamishia mahali pamoja, wapate kuishi chini ya kengele, yaani pasipozidi umbali ambao mlio wa kengele ya kanisa unasikika.

Azma hiyo haikutimia kwa wepesi. Mkulima hakuona sababu ya kuliacha shamba lake akakae katika mji ambao hauna mpunga wala samaki, na watawa wenyewe walikuwa wachache mno kuweza kumlazimisha kila mtu. Ikawa hawana budi kutafuta mvuto pale nguvu ilipopungua, na mvuto wakaupata katika taadhima ya ibada: mishumaa, ngoma na vinanda, mavazi ya kung'aa, sanamu za watakatifu zikipitishwa njiani, na zaidi ya yote Juma Kuu, Sikukuu ya Ekaristi, na siku ya mtakatifu msimamizi wa mji. Watu waliokataa kuhamia mjini walikubali kuja siku hizo, wakaja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakala, wakasali, wakauza na kununua, wakaposa na kuozesha, kisha wakarudi mashambani kwao. Basi kurejea mjini kwa ajili ya fiesta kulitangulia hata kukaa mjini kwenyewe.

Mpango wa sikukuu ulijengeka polepole mpaka ukawa ada. Kwanza zilikuja siku tisa za sala ziitwazo novena. Kisha mkesha, pamoja na muziki na fataki. Kisha asubuhi ya misa kuu. Kisha maandamano ya sanamu juu ya gari lililopambwa kwa maua. Na kati ya ibada hizo zilijipenyeza karamu, mashindano ya kupanda nguzo iliyopakwa mafuta, na mapigano ya jogoo ambayo hakuna padre aliyeweza kuyakomesha. Jioni ulichezwa mchezo wa jukwaani ulioitwa moro-moro, ambamo wafalme wa Kikristo na wafalme wa Kiislamu hupigana kwa panga na mashairi, na siku zote Wakristo hushinda. Mchezo huo haukuwa upuuzi mtupu kwa wale walioutazama, kwa sababu miji ya pwani ya visiwa vya Visayas ilikuwa ikishambuliwa kwa kweli na majahazi ya Waislamu kutoka Sulu na Mindanao, na makanisa kama lile la Miagao, lililojengwa kati ya mwaka 1787 na 1797, yalinyanyuliwa kwa kuta nene kama za ngome ili watu wapate pa kukimbilia. Kengele iliyoita watu kwenye sikukuu ndiyo iliyowaita pia kujificha.

Nani aligharamia haya yote? Mfadhili mkuu wa mwaka, aliyeitwa hermano mayor, aliteuliwa miongoni mwa watu wa heshima wa mji, akabeba chakula, muziki na mapambo kwa mali yake, na malipo yake yalikuwa hadhi. Lakini mali ya wakubwa wale haikushuka kutoka mbinguni: wao ndio waliowakusanyia Wahispania kodi, wao ndio waliowatoa wanaume kwa kazi ya shokoa, ambayo hadi mwaka 1884 ilikuwa siku 40 kila mwaka. Mwandishi Mfilipino José Rizal aliliona jambo hili wazi. Katika riwaya yake Noli Me Tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887, wakubwa wa mji wa San Diego wanabishana kwa ufasaha mwingi namna ya kutumia fedha ya fiesta, vijana wakitaka kitu chenye manufaa, hata inapobainika kwamba shauri lote ni bure, maana padre amekwisha amua anachokitaka. Na jiwe la msingi la shule, linalowekwa katika siku zizo hizo za sherehe, nusura lifanyike kaburi la yule aliyekusudia kuijenga. Rizal hakuwabezea watu wake furaha yao. Alichouliza ni furaha hiyo inaendeshwa kwa idhini ya nani.

Walakini wenyeji nao walikuwa wamekwisha kuitia sikukuu mikono yao. Huko Obando, katika jimbo la Bulacan, wanawake wanaotamani watoto hucheza ngoma njiani, kwa siku tatu za mwezi Mei, mbele ya sanamu za watakatifu. Na huko Lucban, chini ya mlima Banahaw, tarehe 15 Mei, siku ya San Isidro, mkulima wa Madrid ambaye hadithi yasema malaika walimlimia alipokuwa akisali, kila nyumba iliyo katika njia ya maandamano huvikwa mavuno yake. Mapambo yaliyo mashuhuri huitwa kiping. Mchele husagwa pamoja na maji mpaka ukawa uji mzito, hutiwa rangi nyekundu, manjano au kijani, hupakwa juu ya jani bichi lenye mishipa mizuri, kisha jani hupikwa kwa mvuke. Uji ukishikana hubanduliwa taratibu ukiwa umechukua sura yote ya jani, hukaushwa, hugandamizwa usijikunje, na vipande mamia hufungwa pamoja vikaning'inia madirishani kama taa za kasri. Sikukuu ikiisha, kiping hukaangwa zikaliwa. Kazi hiyo huanza siku nyingi kabla, na huhitaji mikono mingi, na mikono yenyewe aghalabu ni ya ndugu waliokuja kutoka Manila kwa ajili hiyo hiyo.

Kutawanyika kwa namna nyingine kulianza Wamarekani walipokwisha kuvitwaa visiwa kutoka kwa Wahispania. Mwaka 1906 wanaume 15 kutoka nchi ya Ilocos walifika Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na katika miaka 40 iliyofuata wakafuatwa na wengine zaidi ya laki moja. Wengine walivuka hadi California kuvuna matunda na mboga. Aliyerudi na fedha alipokewa kwa shangwe, na fiesta ilikuwa wakati wa kuonekana, amevaa suti na viatu vya kung'aa, akichangia bendi ya muziki au dari ya kanisa. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1934 iliweka kikomo cha wahamiaji 50 tu kwa mwaka, na wengi waliokuwa California waliogopa kuondoka wasije wakafungiwa mlango. Wakazeeka huko bila mke wala mtoto.

Serikali ya Ufilipino ilipotambua thamani ya watu hawa waliotoka, iliwafanyia utaratibu. Mwaka 1973, chini ya Rais Ferdinand Marcos, ulianzishwa mpango wa kuwaalika Wafilipino wa ng'ambo warudi kutembea kwao. Mwaka 1974 sheria ya kazi ikaweka njia rasmi ya kupeleka wafanyakazi nje, wakati bei ya mafuta ilipokuwa imepanda na nchi za Ghuba zikiwa na njaa ya mikono. Na sheria ya mwaka 1989 ikawaruhusu hata waliokwisha chukua uraia wa kigeni kuingia na kukaa mwaka mzima bila viza. Tangu hapo muuguzi wa Riyadh, baharia, na mtumishi wa nyumbani wa Muscat hupanga likizo yake kwa kalenda ya mtakatifu wa kwao. Na asiyepewa likizo hutuma kasha la sabuni, kahawa, nyama za kopo na viatu, pamoja na fedha ya nguruwe wa kuchoma.

Haifai kuyapamba mambo haya kuliko yalivyo. Siku ya fiesta kila mlango u wazi, na mgeni asiyejulikana na mtu hukaribishwa mezani. Lakini yako madeni yanayolipwa hadi sikukuu ijayo, na uko ushindani wa malkia wa fiesta, ambaye katika vijiji vingi hupatikana kwa kuhesabu fedha iliyochangwa kwa jina lake, hata binti mwenye shangazi Marekani akawashinda wenzake. Swali la Rizal juu ya gharama lingali hai, ila mwenye kuulizwa siye padre tena.

Hata hivyo kuna haki fulani katika mji unaokula kwa jasho la wasiokuwapo kuwa na siku ya kukiri hivyo hadharani. Majina ya wachangiaji husomwa mbele ya watu au kubandikwa penye uwanja, na jina la aliye Doha husimama sambamba na la jirani wa kanisa. Watawa wa karne ya kumi na sita walitaka kuwaona watu wote wa mji wamehesabiwa mahali pamoja, wakashindwa kwa amri. Wajukuu wa wale waliowakatalia wameikamilisha hesabu hiyo kwa hiari na kwa gharama yao wenyewe.