Kinanda cha dijitali kilivyosafiri kutoka Stanford hadi harusi za Garissa

YEYOTE aliyehudhuria harusi mjini Garissa katika miaka ya karibuni anaujua mpangilio huu: mwimbaji mwenye maikrofoni, spika mbili kubwa, na kijana aliyeketi nyuma ya kinanda cha umeme. Kijana huyo ndiye ngoma, ndiye gitaa la besi, ndiye zumari na ndiye tarumbeta. Zamani kazi hiyo ingehitaji watu kumi au zaidi.

Kinanda chenyewe huwa cha bei ya wastani, cha kubebwa begani ndani ya mfuko wake. Hata hivyo, ukoo wake ni wa kifahari. Babu yake alikuwa chombo kilichouzwa kwa bei ya nyumba, na elimu iliyomzaa ilitokana na jaribio la mtu mmoja katika chuo kikuu huko California, Marekani, mwaka wa 1967.

Mtu huyo ni John Chowning, mtunzi na mpigaji ngoma aliyekuwa akifanya utafiti wa sauti za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford. Ili kuelewa alichokigundua, msomaji na amfikirie mwimbaji anayetetemesha sauti mwishoni mwa ubeti. Mtetemo wa mara tano au sita kwa sekunde sikio hulitambua kuwa ni pambo tu. Chowning aliongeza kasi ya mtetemo huo ndani ya kompyuta hadi ukafikia mamia ya mara kwa sekunde. Pambo likatoweka. Badala yake sauti yenyewe ikabadilika umbo: ikawa kengele, ikawa tarumbeta, ikawa mlio wa mbao au wa chuma, kutegemea uhusiano wa mawimbi hayo mawili.

Mbinu hiyo hujulikana kwa herufi FM, ambazo msikilizaji wa redio huzisikia kila siku. Kanuni ni ile ile, yaani wimbi moja kuyumbisha masafa ya wimbi jingine. Tofauti ni kwamba redio hutumia kanuni hiyo kusafirisha sauti, ilhali Chowning aliitumia kuiumba.

Stanford ilipeleka ugunduzi huo kwa watengenezaji wa vinanda wa Marekani, wakaukataa. Yamaha ya Japani, kampuni iliyoanza mwaka wa 1887 kwa kutengeneza vinanda vya upepo, iliuona uzito wake mara moja ikachukua leseni. Hataza ilitolewa mwaka wa 1977 na kabla ya kwisha muda katika miaka ya 1990 ilikuwa imeiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20. Cha ajabu ni kwamba chuo hicho kilikuwa kimeachana na Chowning kabla ya fedha kuanza kumiminika, kikalazimika kumwita arudi.

Tunda la kwanza sokoni lilikuwa GS1, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa na vitufe 88, umbo la piano ndogo ya kifahari, na bei ya takriban dola 16,000. Sauti zake zilihifadhiwa katika vijikadi vya sumaku, na mnunuzi hakuweza kuzibuni mwenyewe. Alitegemea zile zilizoandaliwa na mafundi wa kampuni. Inakadiriwa kwamba vilitengenezwa vinanda kama 100 pekee.

Kimoja kiliangukia mikononi mwa kundi la Toto la Los Angeles, na hapa pana kinaya ambacho Mwafrika hawezi kukipita bila kutabasamu. Wimbo wao uitwao "Africa", uliotoka mwaka wa 1982 na kushika nafasi ya kwanza Marekani Februari 1983, una mlio unaofanana na wa kalimba. Mlio huo haukutoka katika kalimba yoyote, ulitoka katika GS1. Mwaka wa 2019 msanii mmoja alisimika spika zinazotumia nguvu za jua katika jangwa la Namib ili ziupige wimbo huo bila kikomo.

Hata hivyo, GS1 kilikuwa chombo cha matajiri. Kilichobadilisha mambo ni DX7, kilichotoka mwaka wa 1983 kwa bei ya dola 1,995. Bei hiyo haikuwa ndogo, lakini kwa mara ya kwanza bendi ya kawaida ingeweza kuchangisha fedha na kukinunua. Kilikuwa na vitufe 61, kiliweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, na kila sauti iliundwa kwa mawimbi sita yaliyoweza kupangwa kwa njia 32. Vilevile kilikuwa na MIDI, lugha mpya ya mwaka huo huo iliyowezesha vinanda vya kampuni tofauti kuwasiliana kwa waya. Viliuzwa zaidi ya 200,000.

Kasoro yake kubwa ilikuwa ugumu wa kukielekeza. Sintesaiza za awali zilijaa visukumizi na vizungusho ambavyo mpigaji angevichezea hadi apate alitakalo. DX7 kilikuwa na kioo kidogo cha mistari miwili na msururu wa nambari. Wachache, akiwemo Mwingereza Brian Eno, walijifunza kukimudu. Wengine waliridhika na sauti za kiwandani, na ndiyo sababu piano yake ya umeme, nyororo yenye mng'ao wa kengele, inasikika ile ile katika nyimbo nyingi za mapenzi za muongo huo.

Kulikuwa na faida moja ambayo wanahistoria wa muziki wa Ulaya hawaizungumzii sana, ila mkazi wa Garissa ataielewa bila maelezo. Sintesaiza za awali zilitegemea mikondo ya umeme ambayo hubadilika kadiri joto linavyopanda, hivyo zikapotoka sauti katikati ya wimbo. Kinanda cha dijitali hupiga hesabu, na hesabu haibadiliki kwa jua. Katika mji ambapo nyuzi 35 ni jambo la kawaida, hilo si dogo.

Pembe ya Afrika ilikuwa tayari kuipokea teknolojia hiyo. Muziki wa kisasa wa Kisomali ulikuwa umejengwa juu ya udi, ambao Wasomali huuita kaban. Baba yake anayetambuliwa, Abdullahi Qarshe, alizaliwa mwaka wa 1924 mjini Moshi, katika Tanzania ya leo, akakulia Aden. Baada ya mapinduzi ya 1969, serikali ya Siad Barre iliweka sanaa chini ya mkono wake. Bendi kubwa zikawa za taasisi: Waaberi la taifa, Iftin la Wizara ya Elimu, Horseed la jeshi, Heegan la polisi. Kando yake zikaibuka bendi za watu binafsi zilizopiga katika hoteli za Mogadishu.

Maarufu miongoni mwa hizo ilikuwa Dur-Dur, jina lenye maana ya chemchemi. Ni muhimu kutaja kwamba mwanzilishi wake, Isse Dahir, alikuwa mpigaji kinanda wala si mpiga gitaa. Mmoja wa nduguze alipiga gitaa na mwingine alisimamia taa za jukwaani, jambo geni wakati huo. Kanda yao ya mwaka wa 1987, iliyorekodiwa katika Redio Mogadishu, inachanganya midundo ya Kisomali, ikiwemo dhaanto, na fanki ya Marekani, huku kinanda kikijaza nafasi ambayo zamani ingekuwa ya udi na filimbi.

Kwa nini kinanda kilikubalika upesi hivyo? Sehemu ya jibu imo katika mizani ya sauti. Muziki wa Kisomali huegemea mizani ya sauti tano, na zote hupatikana katika vitufe vya kawaida vya piano. Taarabu ya pwani ilikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa baadhi ya makamu ya Kiarabu hutumia robo sauti ambazo hazimo katika vitufe hivyo. DX7 cha kwanza hakikuwa na njia ya kuzipata. Uwezo wa kurekebisha sauti moja moja uliongezwa katika toleo la pili, mwaka wa 1987, na baadaye vikaja vinanda vilivyotengenezwa mahususi kwa soko la Kiarabu. Kwa Msomali, kinanda kilikuwa tayari tangu siku ya kwanza.

Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera waliusikia muziki huo kupitia redio: Mogadishu, Hargeisa, idhaa ya Kisomali ya BBC iliyoanza mwaka wa 1957, na ile ya Sauti ya Kenya. Waliusikia pia katika kanda zilizovuka mpaka pamoja na bidhaa nyingine. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991, na studio za Nairobi zilikuwa mbali kwa namna zote mbili, kwa maili na kwa ladha. Si ajabu kwamba sikio la mji lilielekea mashariki.

Mwaka huo huo wa 1991 serikali ya Barre ilianguka. Wakimbizi wakamiminika Dadaab, kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa, kambi ya Ifo ikafunguliwa, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka wa 1992. Bendi zilivunjika. Wanachama wa Dur-Dur walitawanyika; baadhi yao, akiwemo mwimbaji Sahra Dawo, waliishia jimbo la Ohio, Marekani. Maryam Mursal wa Waaberi alitembea na wanawe kupitia nchi kadhaa za Pembe ya Afrika kabla ya kupata hifadhi Denmark.

Bendi ya watu kumi na wawili haiwezi kukimbia vita ikiwa na vyombo vyake. Mtu mmoja mwenye kinanda anaweza. Hapa ndipo urithi wa Chowning ulipojidhihirisha kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri, kwani tangu katikati ya miaka ya 1980 Yamaha ilikuwa imeishusha teknolojia ya FM hadi katika vinanda vidogo vya nyumbani, vyenye spika ndani yake, midundo iliyopangwa tayari na, vingine, nafasi ya betri. Vizazi vyake vilivyofuata, ambavyo siku hizi hutumia pia sauti halisi zilizorekodiwa, ndivyo vinavyotawala harusi za Eastleigh, Garissa na Wajir. Chipu hizo hizo za FM ziliingia katika kompyuta, katika michezo ya video na, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, katika simu za mkononi. Mfugaji ambaye simu yake ililia kwa kengele nyororo sokoni Garissa miaka ya 2000 huenda alikuwa amebeba mfukoni mjukuu wa GS1.

Mabadiliko hayo hayakufurahisha kila mtu. Wako wazee wanaolalamika kwamba mdundo wa mashine hauna pumzi ya mpiga ngoma, na kweli dhaanto iliyopangwa kiwandani haimsubiri mchezaji. Wako masheikh wanaopinga ala za muziki kabisa. Buraanbur, ushairi wa wanawake unaosindikizwa kwa ngoma na makofi, ungali na nafasi yake katika harusi, na hakuna kinanda kilichoweza kuuondoa.

Upinzani ulikuwa mkali zaidi ng'ambo ya mpaka. Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache kupiga muziki. Vingi vilitii, na vingine vikajaza nafasi za viashiria vya vipindi kwa milio ya risasi na ya wanyama. Redio Mogadishu ya serikali haikutii.

Kanda za zamani nazo zilikuwa na safari yake. Ndege za Barre ziliposhambulia Hargeisa mwaka wa 1988, watu walizifukia baadhi ya kanda ardhini na nyingine wakazipeleka Ethiopia na Djibouti. Wakfu wa Redsea mjini Hargeisa umekusanya zaidi ya 10,000. Mkusanyo mmoja uliotokana na hazina hiyo, "Sweet as Broken Dates", ulitolewa mwaka wa 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kanda ya Dur-Dur ya 1987 nayo ilitolewa upya Marekani mwaka wa 2013. Lakini kanda nyingi zingali majumbani, zikiwemo za Kaskazini Mashariki, na joto lile lile ambalo kinanda cha dijitali hakilijali huulegeza utepe na kuunyamazisha.

Vinanda vya DX7 vilivyosalia vina ugonjwa wao pia. Sauti alizozibuni mwenyewe hulindwa na betri ndogo kama ya saa, iliyolehemiwa ndani. Ikifa, kumbukumbu hufutika. Fundi yeyote wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuibadilisha, mradi sauti zihamishiwe kwanza kwenye katriji au kompyuta. Asiye na kinanda anaweza kupakua bure programu iitwayo Dexed, inayoiga DX7 na kusoma sauti zake za asili. Seti nzima ya sauti 32 ina baiti 4,096, ambazo ni chini ya nusu ya herufi zilizomo katika makala haya.